Kipindi cha 41: Shemeji Kapiga Magoti

ZUHURA: Kabla hatujaanza, wasikilizaji mjue shemeji yangu leo amekaa upande. Mguu haukunjiki.

BAKARI: Unakunjika. Sitaki tu.

ZUHURA: Ngazi umezishuka kinyumenyume, nimekuona kwa macho yangu.

BAKARI: Haya. Jumamosi alfajiri, Sunset Cliffs, pwani ya hapa kwetu San Diego, California. Mnanijua mimi na bodi yangu ya kupandia mawimbi, miaka 17 tangu nifike hapa, napanda nimesimama. Maji baridi, suti ya mpira imenikaba mpaka shingoni. Sasa yule mzee ninayewaambiaga...

ZUHURA: Wa chupa ya chai.

BAKARI: Huyo huyo. Anatoka majini na kiubao chake cha kupandia kwa magoti, kifupi, kipana kama sinia ya pilau, mkononi mapezi ya wapiga mbizi. Akaniambia chukua, mawimbi mawili tu, mimi nakunywa chai.

ZUHURA: Na wewe ukapiga magoti.

BAKARI: Nikapiga magoti.

ZUHURA: Jamani, mtu huyu alipotaka kumuoa dada yangu...

BAKARI: Tumeanza.

ZUHURA: ...alituma wazee. Barua, wazee, kahawa, haluwa. Yeye mwenyewe hata kivuli hatukukiona. Mwaka wa 19 huu dada hajapigiwa hata goti moja. Wimbi la Marekani, siku ya kwanza tu, magoti mawili!

BAKARI: Posa ya kwetu nani anapiga magoti? Wazee wanakaa, tena wanakaa kwenye viti vya kuazima.

ZUHURA: Endelea na mchumba wako.

BAKARI: Sikia basi. Nimelala kifudifudi, napiga miguu, mapezi yananisukuma mpaka nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma. Nikalipata wimbi limeshaanza kukunjika, mahali ambapo kwa bodi yangu ningekuwa nimechelewa zamani. Hakuna kuruka kusimama. Unavuta magoti chini ya kifua, basi, umefika. Nikashika ukingo wa bodi. Sasa, wimbi ambalo nikisimama linanifika kifuani, pale lilikuwa limenipita kichwa. Wimbi ni lile lile, Zuhura, mimi ndiye niliyeshuka. Ukuta wa maji uko hapa, puani. Naona mchanga unapanda ndani yake, chembe chembe, kama unga kwenye maji ya uji.

ZUHURA: Halafu?

BAKARI: Halafu miguu ikafa ganzi, sikuweza kukunjuka, nikabebwa kama gunia hadi kwenye mwani. Lakini sikupanda mawili. Nilipanda tisa. Chai ya mzee ikaisha.

ZUHURA: Mara tisa! Na mikono ulikuwa umeinua juu?

BAKARI: Usinikumbushe, wallahi.

ZUHURA: Waliosoma shule za kwetu wananielewa. "Wewe na wewe, mbele, magoti, mikono juu." Sakafu ya saruji, na ile saruji imemomonyoka, kokoto zimetokeza. Mimi darasa la tano nilijua kusukumia daftari chini ya goti bila mwalimu kuona. La Sayansi, maana ndilo lilikuwa nene.

BAKARI: Sasa ile bodi ya mzee, pale magoti yanapokaa, kabandika vipande viwili vya sponji.

ZUHURA: Daftari la Sayansi!

BAKARI: Daftari la Sayansi. [wanacheka] Mimi niliwahi kupigishwa magoti kwa kosa la ndugu yangu. Mwalimu alisema tunafanana.

ZUHURA: Mnafanana kweli.

BAKARI: Ngoja, nina karatasi hapa, nilijiandaa. Mwaka 1966 mashindano ya dunia ya kupanda mawimbi yalifanyika hapa hapa San Diego. Akashinda Nat Young wa Australia. Pezi la chini ya bodi yake lilitokana na ubunifu wa George Greenough wa Santa Barbara, mtu aliyeangalia mapezi ya jodari akayaiga. Na Greenough anapanda kwa magoti! Mwaka uliofuata, Steve Lis, kijana wa San Diego, akachonga bodi yenye mkia uliopasuka kama wa samaki, mapezi mawili. Ya kupigia magoti. Leo bodi hizo zinaitwa "samaki", zimejaa madukani, watu wanasimama juu yake na hawajui.

ZUHURA: Kwa hiyo watu waliona ubao mzuri, wakasimama.

BAKARI: Aa! Hebu...

ZUHURA: Nikwambie ukweli, shem? Bodi haina lolote. Mwaka mzima ulikuwa unarudi kutoka baharini umenuna. Dada ananieleza. Mara kijana kakuingilia wimbi lako, mara mgongo, mara hukugeuka vizuri. Jumamosi hukuwa na jina la kulinda. Ungepewa mlango wa kabati ungerudi unacheka vilevile.

BAKARI: Si kweli. Mlango wa kabati naujua. Malindi, utotoni, pale ghubani hakuna mwamba wa kuzuia, kusi ikivuma mawimbi yanaingia mpaka ufukweni, maji mekundu ya Sabaki. Tulikuwa na ubao wa mashua iliyovunjika, tunaulalia.

ZUHURA: Na ulikuwa unacheka.

BAKARI: Nacheka, ndiyo. Lakini ubao ule ulikwenda moja kwa moja hadi mchangani, ukitaka usitake. Huu wa mzee niliegemeza goti kidogo tu, ukakata kona. Hiyo ni bodi, si utoto.

ZUHURA: Mwakani utanuna kwa magoti.

BAKARI: Sinuni.

ZUHURA: Utanuna. Utaanza kuhesabu.

BAKARI: Wewe hujapanda hata wimbi moja maishani.

ZUHURA: Nimekaa na wanaopanda. Wanaporudi nyumbani nawaona mimi, wao hawajioni.

BAKARI: Hapana. Hapo hapana.

ZUHURA: Basi hapana.

[kimya]

BAKARI: Kahawa ipo?

ZUHURA: Ipo jikoni.

BAKARI: Siwezi kuinuka.

ZUHURA: Najua. Na saa tumeimaliza, watoto wanatoka madrasa. Tuliwaahidi mambo matano ya kumsaidia anayeanza. Toa hata moja.

BAKARI: Mapezi yafungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Moja la mzee limekwenda na bahari. Sijamwambia bado.

ZUHURA: Hujamwambia! Na anasikiliza?

BAKARI: Hajui Kiswahili. Mengine wiki ijayo. Ngoja niinuke... nipe mkono. Aa, taratibu. Nikishika hapa, nikiweka goti hili chini kwanza, halafu na hili...

ZUHURA: Dada! Dada, njoo mbio na simu! Kapiga magoti!

BAKARI: Zima hiyo kitu. Zuhura, zima.