Mnaoniuliza "nianzie wapi kurekodi lugha yetu?"

Haya jamani, hamjambo. Swali ni lile lile kila wiki: "Nianzie wapi kuhifadhi lugha yetu mtandaoni?" Najibu leo, na najua wapo watakaosema naringa, eti nimevuka bahari ndipo nimeikumbuka lugha ya bibi. Siringi. Huku namaliza mwezi mzima sijaisikia hata mara moja, ndiyo maana naisaka.

Mwanzoni nilimrekodi bibi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Pale sauti hubanwa. Bibi ana maneno mawili yanayotofautiana kwa pumzi tu, na kwenye zile rekodi siyatofautishi tena. Siku hizi binamu yangu anakaa naye, anarekodi kwa WAV, aina ya faili ambalo sauti yake haibanwi, dakika moja kama MB 5. Kabla ya hadithi, bibi anataja jina, tarehe, na kwamba ameridhia.

Hapo pa kuridhia msiparuke. Nilipeleka maombi ya ruzuku mahali fulani. Fomu ikadai msimbo wa lugha wa herufi tatu, ule wa ISO 639-3, orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, na ya kwetu imehesabiwa lahaja ya majirani. Nikaandika maelezo, nikasubiri miezi. Wakajibu: kila msimuliaji asaini upya kwamba ameridhia. Msimuliaji mmoja alikuwa tayari kaburini. Msiseme nalalamika, lakini hilo linaniuma mpaka leo.

Na ruhusa si ya kurekodi tu. Wikimedia Commons, hazina ya picha na sauti inayotumiwa na Wikipedia, hawapokei faili lenye sharti la "si kwa biashara". Ukichangia sauti Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti, kwa CC0, yaani umeachia haki zako zote, yeyote anaitumia apendavyo. Kitendawili nitakipeleka, sawa. Wimbo ambao wazee huuimba faraghani, mimi siupeleki huko.

Hela nayo. Nililipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, kadi ikaisha muda, maonyo yakaenda kwenye barua pepe niliyoiacha zamani, akaunti ikafungwa. Saa kumi na moja za mazungumzo, zote zimepotea. Sasa nina nakala tatu: diski yangu, ya binamu, na zile zilizoruhusiwa nimeziweka Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, kupakia ni bure. Kila rekodi naiandikia maneno yake, maana sauti tupu huwezi kuitafuta.

Hayo ni ya kwangu. Kwenu huenda wazee hawataki kurekodiwa kabisa, na hilo ni lao. Sisi Jumamosi tunaendelea: bibi amefika kwenye majina ya mvua, na anasema bado yapo mengi.