Sauti ya Gurudumu Zima

(Mhadhara kwa wanandoa na walimu wa kwaya, Tabora mjini. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Zimepunguzwa salamu tu.)

Bwana Yesu asifiwe. Na kwa wenzetu Wakatoliki, nimewaona mmekaa upande ule wa dirishani penye upepo, Tumsifu Yesu Kristo. Waliotoka Urambo na Sikonge alfajiri, poleni na vumbi.

Mama mwenyekiti aliponipigia simu nilimjibu kwamba mimi ni mwalimu wa muziki, mambo ya ndoa awaite wachungaji. Akasema wachungaji wamesema sana, safari hii wanataka mtu ambaye mume wake anaimba kwenye kwaya yake. Nikaelewa kwamba ile habari imeshafika mbali. Basi niisimulie mwenyewe, isije ikaendelea kutiwa chumvi.

Baba Neema, mume wangu, ni mtu wa reli, amestaafu juzi tu. Wengi humu ni watoto na wajukuu wa reli, sina haja ya kueleza. Treni ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, tawi la Mwanza likakamilika 1928, na tangu hapo mji huu ni njia panda, watu wanaamshwa na honi. Kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa. Treni ikisimama anashuka na tochi na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele, sauti inakaa hewani. Lenye ufa linatoa sauti fupi, butu, kama chungu kilichopasuka. Usiku upepo ukitokea stesheni nilikuwa namsikia nikiwa kitandani. Akirudia gurudumu moja mara mbili, najua leo atachelewa.

Kwenye kwaya anaimba besi. Sauti yake si nzuri, nisiwadanganye. Ni sauti ya mtu aliyezoea kuitana na mwenzake aliye behewa la nane.

Sasa Jumamosi moja, kabla ya Pasaka, umeme ulikatika katikati ya mazoezi. Kinanda kikazima. Nikatoa do, sauti ya kuanzia, kwa mdomo, tukaendelea hivyo hivyo. Ubeti wa kwanza mzuri, wa pili mzuri, wa tatu nikaanza kusikia kitu kinakwaruza upande wa besi. Nikatega sikio. Ni yeye. Nikasimamisha kwaya, watu kama arobaini, nikasema, na hapa naitaja dhambi yangu kama ilivyotoka: “Besi, kuna baba mmoja huko ana wimbo wake mwenyewe. Kama treni imemchosha, aende akalale.”

Watu wakacheka. Soprano ndio walicheka zaidi. Soprano mna tabia hiyo. Yeye hakusema neno. Alimaliza mazoezi, akafunga madirisha ya kanisa kama kawaida yake, tukarudi nyumbani Isevya, yeye mbele anakokota baiskeli, mimi nyuma na mafaili ya nota.

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu huyu mtu. Akiingia nyumbani huwa anaimbia puani, na wala hajui. Akivua viatu, so la so. Akisugua girisi mikononi, mi re do. Miaka kumi na tisa sikuwahi kuuliza ni nani amefungua mlango wa uani. Baada ya Jumamosi ile akaacha. Hakununa, ningeweza kupambana na kununa. Alikula, alisalimia, aliulizia ada ya mtoto, jioni tulisali na akaitikia amina. Lakini viatu alivivua kimya. Nikimgonga kwa neno, linatoka jibu fupi.

Jumamosi iliyofuata hakuja mazoezini. Alisema ana zamu. Hakuwa na zamu.

Kijana mmoja wa teno alikuwa amerekodi yale mazoezi kwa simu, akanitumia. Usiku, umeme umerudi, nikakaa na kinanda ili nitafute hasa alipokosea, nimwelekeze kwa upole. Upole, mnasikia! Nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe. Nikagusa ile do niliyoitoa, kwenye kinanda ilikuwa nota ya G. Kwaya inaanza kwenye G, sawasawa. Ubeti wa pili inaanza kuteleza. Kufika ubeti wa tatu soprano, alto, teno, na besi wote wako karibu nusu toni chini, yaani ile hatua ndogo kuliko zote kati ya nota na nota. Wote isipokuwa mmoja. Nikabonyeza G tena, nikairudia ile sehemu mara nne. Sauti iliyobaki pale pale nilipoiweka ni ya Baba Neema.

Walimu wa kwaya mnajua inavyokuwa. Hakuna chombo, pumzi zimechoka, mi inaimbwa kivivu, tukipanda tunapanda kidogo na tukishuka tunashuka sana, na kwa kuwa tunashuka wote pamoja hakuna anayesikia. Mwalimu naye anashuka na kundi lake. Mtu mmoja asiposhuka, yeye ndiye anasikika amekosea. Na mimi niliolewa na mtu anayelipwa mshahara kwa kusikia chuma kilipobadilika sauti, halafu nikamwambia akalale.

Sikumwambia usiku ule. Nilisoma Mathayo 5, pale Bwana anaposema uache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, na nikaona kwamba tusi lililotolewa mbele ya watu arobaini haliombewi radhi jikoni. Nikamsihi aje Jumamosi, angalau afungue madirisha. Akaja. Nikaiweka ile rekodi kwenye spika, nikapiga G, nikawaambia kwaya wasikilize nani yuko wapi. Safari hii soprano hawakucheka. Kisha nikamwomba msamaha kwa jina lake, siyo kwa “kama kuna niliyemkwaza.”

Mnajua alinijibu nini? “Nilijua mmeshuka. Ila mwalimu ni wewe.”

Hilo jibu sijalimaliza mpaka leo. Akina baba mnapenda Waefeso 5, mstari wa 22, enyi wake. Mnaujua kwa moyo kuliko namba zenu za simu. Naomba mrudi nyuma mistari mitatu. Mstari wa 19 Paulo anazungumzia kuimba: tusemezane kwa zaburi na tenzi na nyimbo za rohoni. Wa 20, kushukuru. Wa 21, tunyenyekeane. Halafu ndipo anaingia nyumbani kwa mke na mume. Katika nakala za kale kabisa za Kiyunani, mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake wenyewe, unaazima kile cha “kunyenyekeana” kutoka mstari wa 21. Kwa hiyo huwezi kuukata na kuutundika ukutani peke yake. Ukiukata haujakamilika hata kwa sarufi. Na chanzo cha mazungumzo yote hayo ni kuimba. Mimi nilikuwa nausoma huo ukurasa miaka yote nikitafuta mume ananitaka nini. Aliyeutimiza kwanza nyumbani kwetu ni mwanaume aliyekuwa na haki, akajua ana haki, akafunga madirisha.

Sisemi wanaoonewa wanyamaze. Mtu akikupiga, hiyo si nota, hiyo ni kesi, nenda kwa mchungaji na nenda polisi. Nasema juu ya mambo yetu ya kila siku, ambayo ndiyo mengi.

Kazini nako nilivuliwa joho. Nafundisha shule ya serikali, na darasa la Tabora mnalijua, Fatuma amekaa na Veronika. Siku moja akaja mama mmoja amejitanda kanga yake vizuri, akanisalimia kwa heshima zote, akasema, “Mwalimu, mwanangu akifagia anaimba nyimbo za kanisani.” Nikakataa papo hapo. Mimi nafundisha do re mi, maneno ya dini siyaweki. Akasema, “Maneno hayana. Lakini nyumba yetu iko nyuma ya kanisa, sauti naijua.”

Alikuwa sahihi. Zoezi langu la kusoma nota lilikuwa lahani ya tenzi, maneno nimeyafuta. Nilifanya hivyo kwa uvivu, na kidogo, nikisema ukweli mbele ya madhabahu, nilijisikia mjanja. Kama vile Bwana anahitaji kupitishwa dirishani. Nikamwuliza yule mama kwao wanambembelezea mtoto kwa wimbo gani. Akaona haya, akatazama mlangoni, akaniimbia wa Kinyamwezi alioupata kwa bibi yake. Sauti tano tu, haina fa wala ti. Ukiondoa hizo mbili umeondoa nusu toni zote, na nusu toni ndizo zinazowakwamisha watoto. Wiki iliyofuata darasa lilikuwa linasoma nota kama linasoma majina yao. Siku hizi naanza na sauti tano, kila mwaka, nikitumia wimbo wa mama wa Kiislamu, na nadhani hiyo ndiyo kazi yangu ya Kikristo iliyo safi kuliko zote pale shuleni.

Juu ya malipo nitapita haraka, maana nawaona walimu wa kwaya mnatikisa vichwa. Johann Sebastian Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, alikuwa mwalimu wa shule na kanisa kama sisi, huko Leipzig, Ujerumani, kuanzia 1723. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba kipato chake hutegemea mazishi, na hewa ikiwa nzuri watu hawafi. Mwaka uliotangulia alikosa taleri, fedha ya kwao wakati ule, zaidi ya 100 kwa sababu ya afya njema ya watu. Ndiyo, yule yule aliyeandika chini ya nota zake kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Kwa hiyo kulalamika si kukosa imani. Tulalamike tu kwa adabu.

Ila ninayemwaza zaidi ni mke wake, Anna Magdalena. Walioana 1721. Alikuwa mwimbaji wa ikulu, akilipwa mshahara wake, na alizaa watoto kumi na watatu, wengi wakafa wadogo. Katikati ya hayo alikaa na kalamu akinakili kazi za mume. Vile vipande sita vya selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, ambavyo dunia nzima inavipiga leo, nakala tunayoitegemea ni ya mkono wake. Mume akafa 1750. Yeye akaishi miaka kumi akisaidiwa sadaka, akafa maskini. Hapo huwa naishiwa maneno. Kwaya zenu zina akina mama wanaonakili nota usiku watoto wakilala. Siku ya tamasha nani anawataja?

Nimeonyeshwa saa. Nimalizie na jambo ambalo baba mchungaji ameniruhusu.

Hizi do re mi zetu za herufi zilienezwa na John Curwen, mchungaji Mwingereza, aliyeombwa mwaka 1841 atafute njia rahisi ya kuwafundisha watoto wa shule za Jumapili kuimba. Akachukua mbinu ya mwalimu wa kike wa Norwich, Sarah Glover, akaiendeleza, na baadaye akaongeza alama za mkono. Mi ni kiganja kimelala. La, mkono umening'inia. Ti, kidole kinaonyesha juu. Do, ambayo ndiyo nyumbani kwa wimbo, ni ngumi.

Mimi na Baba Neema tukiwa kwenye msiba au harusi, tumekaa mbali, mmoja akichoka anamwonyesha mwenzake do. Maana yake twende nyumbani. Mwaka jana kwenye msiba mmoja Ng'ambo, watu wamejaa, jua limezama, mimi bado nazungumza na akina mama. Baba Neema akasimama kule kwa wanaume, akaninyoshea ngumi. Nami nikamnyoshea ya kwangu.

Kesho yake saa tatu asubuhi wazee wawili wa kanisa walibisha hodi, na Biblia, wameshafungua Waefeso 5.