Kitanda Kwanza, Barua Baadaye: Vijana Wasio na Makazi Wakati wa Mlipuko

MWANAIDI: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu wa Tanga na kwingineko. Leo tunamzungumzia kijana asiye na pa kulala, na msaada anaostahili kupewa na serikali maradhi yanapolipuka. Kaka Salimu, karibu.

SALIMU: Waalaikumu salamu, Bi. Mwanaidi. Nianze na sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wake. Afisa ustawi wa jamii akimkuta mtoto wa miaka 15 amelala stendi ya Kange, anajua pa kuanzia. Lakini kijana huyo akifikisha miaka 18, wajibu huo unakoma, ingawa bado analala pale pale.

MWANAIDI: Si ana fungu lake? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana.

SALIMU: Ni kweli, lakini mkopo ule hupewa kikundi kilichosajiliwa, chenye wanachama wanaotambulika mtaani kwao. TASAF nayo, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, hulenga kaya maskini, na kijana anayelala barazani mwa duka la watu si kaya. Kila mlango anaobisha anaulizwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti hawezi kumwandikia barua mtu asiye na nyumba katika mtaa wake.

MWANAIDI: Wenzetu walilitatuaje?

SALIMU: Mwishoni mwa Machi 2020, korona ilipolipuka, serikali ya Uingereza iliziagiza halmashauri za England ziwaingize ndani watu wote waliokuwa wakilala nje, na hoteli zilizokosa wageni zikageuzwa makazi. Kufikia Januari 2021 watu zaidi ya 37,000 walikuwa wamesaidiwa. Watafiti walikadiria kwamba kuwapa watu vyumba vya peke yao badala ya mabweni ya pamoja, sambamba na hatua za kuzuia maambukizi kwenye hosteli, huenda kuliepusha vifo 266 katika wimbi la kwanza. Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wenyewe: kitanda kilitangulia, maswali yakafuata.

MWANAIDI: Hata hivyo, vijana wengi hawalali barabarani. Leo yuko kwa rafiki, kesho kwa shangazi, na anayehesabu walio nje usiku hamwoni kamwe.

SALIMU: Hapo Marekani walikuwa na afadhali, kwa sababu sheria yao ya elimu humhesabu hata mwanafunzi anayejibanza kwa watu kwa kukosa makazi. Mwaka 2021 walitenga dola milioni 800 kwa watoto na vijana wa namna hiyo, nazo zikapitia shuleni.

MWANAIDI: Shule zetu zilifungwa Machi 2020, na mabweni yakabaki matupu hadi Juni. Yangetumika?

SALIMU: Kwa maradhi ya kupumua, ningesita, kwa kuwa bweni ni mahali ambapo kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Lakini kwetu pwani mlipuko tuliouzoea zaidi ni kipindupindu, na hicho kina dawa yake nyingine kabisa: maji safi na choo. Kijana anayebeba mizigo soko la Mgandini au samaki pale soko la Deep Sea hulipia choo kila anapokihitaji, na siku asiyopata kibarua hana cha kulipa.

MWANAIDI: Basi tumwombe nani, na tumwombe nini?

SALIMU: Halmashauri itamke kwamba, tangu siku mlipuko unapotangazwa hadi utakapokwisha, vyoo vya stendi na masoko havitozi hela na maji ya kunywa yaliyotiwa dawa yanapatikana hapo hapo usiku kucha, bila mtu kuulizwa jina wala barua. Mapato ya vyoo yatapungua kwa wiki kadhaa, na mzabuni anayeviendesha afidiwe.