Kaa wa Baharini na Kaa la Moto: Asili ya Maneno Yaliyokutana Njiani

Ndugu wasikilizaji, walimu wenzangu na wanafunzi wa lugha, nawashukuru kwa kuitikia mwito wa mhadhara huu. Neno nililolichagua lina herufi tatu tu, nalo ni *kaa*. Mvuvi wa Pemba akilitamka, anamkusudia mnyama mwenye magando aishiye kwenye mikoko na miamba, mama anayewasha jiko anakusudia kipande cheusi cha mti uliochomwa, au kipande hicho hicho kikiwa chekundu kwa moto, na mwenyeji anayempokea mgeni humwambia, "Karibu, kaa." Swali linalotuleta hapa ni kama tunalo neno moja lililozaa maana nyingi, au maneno mbalimbali ambayo historia imeyavalisha sura moja.

Tofauti hiyo wanaisimu huiita polisemia kwa upande mmoja na homonimia kwa upande wa pili. Kitenzi *kaa* peke yake ni mfano mzuri wa polisemia. Mtu hukaa kitini, hukaa Tanga, chakula hukaa siku mbili bila kuharibika, nguo humkaa mtu vizuri, na nchini Kenya husikika pia "anakaa babake" kwa maana ya kufanana naye. Matawi yote hayo yametoka katika shina moja, wazo la kutulia mahali, na msikilizaji mwenye subira anaweza kulifuata kila tawi hadi kwenye shina lake. Hali ni nyingine kabisa tunapomweka kaa wa baharini kando ya kaa la moto. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba kaa akipikwa huwa mwekundu kama kaa linalowaka, na kwamba hapo ndipo jina lilipotoka. Ni maelezo yanayopendeza, lakini ushahidi wa lugha unayakataa, na ni ushahidi huo ninaotaka tuupitie kwa utulivu.

Tuanze na kitenzi, kwa sababu kitenzi kimehifadhi siri yake ndani ya Kiswahili chenyewe. Tunasema *kaa*, lakini tukitaka kauli ya kutendea tunasema *kalia*: amekalia kiti, na kutokana na hapo tunapata *makalio*. Je, hiyo *l* imetoka wapi? Vivyo hivyo *zaa* inatupa *zalia* na *mzaliwa*, na *vaa* inatupa *valia*. Sasa tutazame majina ya watendaji yanayoundwa kwa kiambishi *-i*. Kiambishi hiki hubadili konsonanti inayokitangulia: *pika* hutoa *mpishi*, *andika* hutoa *mwandishi*, *penda* hutoa *mpenzi*. Kutokana na *lea* tunapata *mlezi*, kutokana na *zaa* tunapata *mzazi*, na kutokana na *kaa* tunapata *mkazi*. Katika *lea*, *zaa* na *kaa* hakuna konsonanti ya mwisho inayoonekana ambayo ingeweza kugeuka *z*. Lazima basi palikuwa na konsonanti ambayo sasa haipo, nayo ni ile ile *l* inayojitokeza katika *kalia*. Kwa hiyo hata kama tusingejua lugha nyingine yoyote ya Kibantu, tungeweza kukisia kwamba *kaa* ilikuwa *kala*, *zaa* ilikuwa *zala*, na *lea* ilikuwa *lela*. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya mambo ya ajabu zaidi katika sarufi yetu, kwamba sauti iliyokufa zamani bado inaacha alama katika maneno tunayoyatumia kila siku bila kuwaza.

Majirani zetu wanathibitisha. Kichewa kina *kukhala*, Kigikuyu kina *gũikara*, na Kinyarwanda kina *kwicara*, ambamo *k* ya kale imegeuka *c*. Wanaozungumza Kiswahili cha Lubumbashi husema *kuikala*, umbo ambalo sisi wa pwani huenda tukalidhani ni kosa, ilhali limehifadhi kile ambacho sisi tumekipoteza. Upotevu huo wa *l* kati ya irabu haukuligusa neno hili peke yake: *mvua* yetu ni *mvula* kwa Kichewa na *imvula* kwa Kizulu, na *njaa* yetu ni *njala* kwa Kichewa, *enjala* kwa Kiganda na *nzala* kwa Kilingala.

Tukishajua hivyo, kaa la moto halitusumbui. Kinyarwanda kina *amakara*, Kigikuyu kina *makara*, Kichewa na Kilingala vina *makala*. Mkazi wa Kinshasa anayesikia jina la wilaya ya Makala katika jiji lake, na msafiri anayekutana na makaa ya mawe ya Ngaka mkoani Ruvuma, wanatamka mzizi uleule. Neno hili limesambaa sana katika lugha za Kibantu, na tangu awali limekuwa katika ngeli ile ile ya umoja na wingi ambamo sisi tunaliweka leo: *kaa*, *makaa*.

Kaa wa baharini naye alikuwa na *l*, lakini alikuwa na kitu cha ziada mbele yake. Kizulu humwita *inkala*, na Kikongo humwita *nkala*. Hiyo *n* ni kiambishi cha ngeli ambamo tunawakuta wanyama wengi, ngeli ya *ng'ombe*, *mbuzi* na *ndege*. Katika Kiswahili, nazali hiyo, yaani sauti ya puani, imebaki mbele ya konsonanti ghuna kama *b*, *d* na *g*, ndiyo maana bado tunaisikia katika *mbuzi* na *ndege*. Mbele ya *p*, *t* na *k* katika maneno marefu ilidondoka, lakini haikuondoka bure: iliacha mpumuo, yaani pumzi inayofuata konsonanti. Nawaomba wale mliolelewa Mombasa au Lamu mweke kiganja mbele ya midomo, mtamke kwanza *kaa la moto*, kisha *kaa wa baharini*. Katika tamko la pili wengi wenu mtahisi pumzi kiganjani ambayo haikuwapo katika la kwanza. Pumzi hiyo ni masalia ya *n* ya kale. Ndiyo inayosikika pia katika *kuku*, ambaye Wazulu humwita *inkukhu*, na katika *paa* mnyama, ambaye mzizi wake ndio uliobaki katika neno la Kizulu *impala*. *Paa* la nyumba, kwa upande wake, halina mpumuo, kwa kuwa halikuwahi kuwa na nazali.

Kwa hiyo hapo kale palikuwa na maneno matatu yaliyotofautiana waziwazi: kitenzi chenye umbo la *ikala*, jina *kala* la kaa la moto, na jina *nkala* la mnyama. Mame-Bantu, lugha ambayo wataalamu kama Carl Meinhof na Malcolm Guthrie walijitahidi kuiunda upya kwa kulinganisha lugha zilizopo, ilikuwa lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi, na toni zilisaidia kutenganisha maneno yaliyofanana kwa konsonanti na irabu. Kiswahili kiliacha toni, kikaweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kikaacha *l*. Kikaiacha *i* ya mwanzo wa kitenzi. Kikaiacha *n* na kubakisha pumzi tu. Hakuna hata mojawapo ya mabadiliko hayo lililolenga kuyaunganisha maneno haya. Kila moja lilifuata kanuni yake, na kanuni hizo zikayakutanisha.

Hatua ya mwisho ilitokea katika maandishi. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusimamia usanifishaji. Othografia, yaani mfumo wa tahajia, iliyoenezwa haikuwa na alama ya mpumuo. Ninaelewa sababu za uamuzi huo, kwani wazungumzaji wengi wa bara hawatofautishi sauti hizo, na shule zilihitaji maandishi mepesi. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa kuliko inavyokiriwa. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka mwaka 1939, aliuonyesha mpumuo kwa uangalifu. Mwanafunzi wa leo anayetegemea kamusi za shule hana namna ya kujua kwamba tofauti hiyo ipo, na anaposoma mashairi ya Mombasa hawezi kuhisi pale ambapo mshairi amecheza na maneno mawili yaliyokaribiana bila kuwa sawa.

Kinachotunusuru katika mazungumzo ni upatanisho wa kisarufi. "Kaa huyu" hawezi kuwa "kaa hili"; "makaa haya" hayawezi kuwa "kaa hawa"; na "kaa hapa" inaeleweka papo hapo kuwa amri au mwaliko. Asemaye "amejipalia makaa" haeleweki kamwe kuwa amejiletea wanyama wa pwani. Kazi iliyokuwa ikifanywa na sauti sasa inafanywa na ngeli, na ngeli inaifanya vyema.

Kamusi zetu sanifu hutenga homonimu kwa tarakimu ndogo, kila moja na kidahizo chake, yaani neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa, na utaratibu huo ni sahihi. Pendekezo langu ni kuongeza hatua moja. Kando ya kidahizo cha mnyama iwekwe alama ya matamshi, *k'aa*, kama ambavyo baadhi ya waandishi wa pwani wamezoea kufanya, bila kubadili tahajia ya kawaida ya vitabu na magazeti. Vilevile wanafunzi wetu wa shahada wapelekwe Lamu, Mombasa na visiwani Pemba wakarekodi matamshi ya wazee kwa maneno ya jozi kama *kaa* na *k'aa*, *paa* na *p'aa*, maana watoto wengi wa miji hiyo hiyo sasa wanayatamka sawa.