Kabla ya Kushika Bisibisi: Kuliandaa Gari kwa Kurekebisha Taa za Mbele

Ndugu zangu mafundi, wengine mmeshanisikia nikilisema hili na leo nalirudia: usiguse skrubu ya taa kabla hujafungua buti.

Lifungueni. Tairi la akiba na jeki vibaki, hapo ndipo mahali pake. Lakini mtakuta na dumu la maji, betri iliyokufa, begi la vyuma ambalo mwenyewe ameshalisahau. Uzito huo wote unakalia springi za nyuma. Nyuma ikishuka, pua inanyanyuka, na taa zinanyanyuka nayo.

“Si kitu, ni kidogo tu.” Haya, tupige hesabu. Gari lenye sentimita 260 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, nyuma ikididimia sentimita 2.6 tu, limeinama asilimia 1. Ukutani, mita 10 mbele, mwanga umepanda sentimita 10. Na magari mengi yameagizwa taa za dimu, yaani zile za mwanga wa chini, ziinamishwe kati ya asilimia 1 na 1.3, mara nyingi imeandikwa kwenye taa yenyewe au karibu yake. Kwa hiyo dumu na betri vimemeza karibu mwinamo wote! Wewe unazishusha taa, unaona umemaliza. Mwenye gari anafika kwake, anapakua, pua inarudi chini, na usiku anamulika lami ya karibu tu. Anayevuka barabara ataonekana wakati breki haisaidii tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Atatokea wa kuniuliza: na gari linalobeba mzigo kila siku? Kama ni masanduku ya vifaa yaliyofungwa kwa bolti, yaache, hayo ni sehemu ya gari. Mzigo wa kuja na kuondoka una swichi yake kwenye dashibodi, ile ya kuzungusha yenye namba. Dereva akipakia, anashusha taa kwa hiyo. Wakati wa kupima iwe kwenye 0. Jamani, itazameni! Ikiachwa kwenye 2, kazi yote ni bure.

Dakika zinaniishia, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva; tairi moja ikipungua, gari linalalia upande huo. Kiasi cha mafuta kwenye tangi, fuata kitabu cha gari. Kwenye kiti cha dereva akae mtu wa kilo 75 hivi. Springi iliyovunjika ibadilishwe kwanza. Kioo cha taa kifutwe, na kama kimegeuka njano king'arishwe, maana kinatawanya mwanga hata skrubu uizungushe vipi. Sakafu iwe sawa, kisha bonyeza gari mbele na nyuma mara kadhaa ili springi zitulie.

Kupima ukutani tutakufanya kwa vitendo hapo nje. Wenye magari, nendeni mkapakue sasa hivi.