Mvutano kwenye upana wa unywele

Kasumaku kadogo ka mlango wa friji kananyanyua pini, ilhali dunia nzima iko chini inaivuta hiyo pini. Inashindwa! Basi mjue unyonge wa nguvu tunayoizungumzia leo: mvutano, yaani graviti.

Newton alituachia kanuni: umbali ukipungua nusu, mvutano unapanda mara 4. Kwa sayari hatuna wasiwasi. Kwa vitu vilivyoachana chini ya milimita moja je? Hadi mwaka 1998 tulikuwa tukiamini tu. Mwaka huo wanafizikia Arkani-Hamed, Dimopoulos na Dvali wakaja na wazo la kukosesha usingizi: huenda anga lina pande nyingine, zaidi ya urefu, upana na kimo, zilizojikunja, na mvutano unavujia humo, ndiyo maana sisi tunaonja mabaki. Pande hizo zikiwa mbili, zingeweza kufikia karibu milimita. Ndani ya umbali huo, ukikaribia nusu, nguvu ingepanda mara 16.

Hilo linapimika. Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kina kundi liitwalo Eöt-Wash (ni utani, wameunganisha jina la mwanafizikia Mhungaria Eötvös na la chuo chao). Walitundika duara la metali lenye matundu 42 kwenye uzi wa tungsteni wenye unene wa mikromita 20 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chini yake wakazungusha sahani nyingine yenye matundu, polepole. Palipo na tundu hapana cha kuvuta, kwa hiyo duara la juu linajipinda huku na huku, na mwali wa leza unasoma msokoto huo.

Lakini umeme nao huvuta, tena kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo katikati waliwamba utando wa shaba wa mikromita 10, kama ngozi ya ngoma. Kwangu mimi, ufundi wenyewe uko kwenye utando huo. Chembe moja ya vumbi ikikwama hapo, kazi imeharibika.

Mwaka 2007 walipima hadi umbali wa mikromita 55. Mwaka 2020, mikromita 52, wembamba kuliko unywele wa wengi wenu humu. Newton bado yuko sahihi.

Huko Vienna, mwaka 2021, wanafizikia wengine walitangaza kuwa wamepima mvutano wa kimpira cha dhahabu cha miligramu 90 hivi. Vipimo vyao bora walivipata usiku wa manane, msimu wa Krismasi, jiji likiwa limetulia.