Sheria Inapoitazama Bunduki Usoni

(Mhadhara uliotolewa Moshi mjini mbele ya walimu, wanafunzi wa sheria na askari wa wanyamapori)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni.

Hapo ukutani kuna picha mbili. Ya kushoto ni bunduki yenye kitako cha mbao kilichopakwa vanishi, imenyooka, haina makuu. Ukikutana na mzee ameibeba kule West Kilimanjaro, utajua anakwenda kufukuza nguruwe pori shambani. Ya kulia ni nyeusi tii, chuma na plastiki, ina mshikio kama wa bastola, na kwenye ncha ya mtutu kuna kifaa cha kupunguza mwako. Nikiwauliza ipi ipigwe marufuku, najua vidole vitaelekea wapi.

Ya kushoto inaitwa Ruger Mini-14. Ya kulia ni ya jamii ya AR-15. Zote mbili hutumia risasi za ukubwa mmoja. Zote mbili, ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, kisha gesi ya baruti inasukuma chuma cha ndani kurudi nyuma, ganda linaruka nje, na risasi nyingine inapanda yenyewe. Magazini, yaani kasha la risasi, ikiisha, unaichomoa na kupachika nyingine kwa sekunde chache. Anayepigwa risasi hawezi kujua imetoka kwa ipi.

Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku bunduki zilizoitwa za mashambulizi. Rais Bill Clinton aliitia saini Septemba 1994, nayo ikadumu miaka 10. Ilitaja aina 19 kwa majina. Kwa raifo nyingine zinazojipakia zenyewe na zenye magazini ya kuchomoka, kipimo kilikuwa vitu vya nje: kitako cha kukunja, mshikio wa bastola, mahali pa kupachika singe (kisu cha ncha ya mtutu), kifaa cha kuzima mwako, kirusha guruneti. Ikiwa na viwili kati ya hivyo, marufuku. Ikiwa na kimoja, ruksa.

Hebu fikirini viwanda vilifanya nini. Viliondoa pa kupachika singe, vikaondoa kifaa cha mwako, vikabadilisha jina, biashara ikaendelea. Na Mini-14 ya mbao iliandikwa ndani ya sheria ileile kwenye orodha ya bunduki zilizosamehewa, mradi tu isiwe na kitako cha kukunja. Ni sawa na kutaka kupunguza ajali barabara ya Moshi kwenda Arusha kwa kukamata mabasi yaliyochorwa chui ubavuni, huku spidi ikiachwa kama ilivyo.

Kabla ya sheria hiyo, tarehe 6 Desemba 1989, wanawake 14 waliuawa katika chuo cha uhandisi Montreal, Kanada. Muuaji alibeba Mini-14. Mwaka 2011 watu 69 waliuawa kisiwa cha Utøya, Norwei, wengi wao vijana kabisa. Huko nako ilikuwepo Mini-14. Nayataja haya kwa uchungu, kwa sababu bunduki hiyo ilipita machoni pa watunga sheria ikiwa imevaa nguo za mkulima.

Wapinzani wa marufuku wanaipenda sana hoja hii. Wanasema, mnaona, mnaogopa urembo tu. Hapo siungani nao. Shule ya Newtown, Marekani, mwaka 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa kwa bunduki ya jamii ya AR-15, na kilichowaua ni wingi wa risasi ndani ya muda mfupi. Sheria ya 1994 ilikuwa na kifungu kimoja kilichogusa jambo hilo: magazini mpya za zaidi ya risasi 10 zilikatazwa. Kifungu hicho kiligusa utendaji wa silaha. Lakini magazini zilizokwishatengenezwa ziliruhusiwa kuendelea kuuzwa, na katika mabishano watu waliendelea kugombana juu ya singe. Mimi sijasikia mtu aliyeuawa kwa singe ya bunduki ya dukani.

Tena kuna bastola. Takwimu za FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mwaka hadi mwaka zinaonyesha kwamba mauaji mengi ya bunduki Marekani, pale aina ya silaha inapojulikana, hufanywa kwa bastola. Raifo za aina zote zikijumlishwa ni sehemu ndogo. Bastola ni ndogo, inaingia mfukoni, haitishi kwenye televisheni. Chuo cha Virginia Tech mwaka 2007 watu 32 waliuawa kwa bastola mbili.

Sasa turudi kwetu. Askari mlioko hapa mnalijua gobore. Bomba la maji, mbao iliyochongwa, waya, baruti ya kushindilia mdomoni. Kijijini mtu akiliona ukutani halimshtui. Atasema ni la babu, la kufukuza nyani. Ila akisikia neno SMG, bunduki ya kumimina risasi, anafunga mlango. Gobore haliwezi kumimina risasi, hiyo ni kweli, lakini halina namba, halina kitabu, na likiua tembo au jirani hakuna wa kumfuatilia. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni na usajili. Hapo ndipo macho yetu yanapopaswa kukaa: nani anayo, imeandikwa wapi, inapakia vipi, inabeba risasi ngapi.

Sura ina uzito mahali pamoja, na sitaki niwadanganye. Mwenye duka akiwekewa bastola bandia usoni saa mbili usiku hana nafasi ya kuichunguza. Atatoa pesa, na hofu yake ni ya kweli. Kwa hiyo kosa la kutisha watu kwa kitu kinachofanana na silaha lihukumiwe kwa sura. Marufuku ya silaha yenyewe ni jambo lingine.

Nyuzilandi walijifunza kwa damu. Baada ya watu 13 kuuawa Aramoana mwaka 1990, walibuni kundi la bunduki za mtindo wa kijeshi, wakalipambanua kwa alama kama singe, kitako cha kukunja na ukubwa wa magazini. Bunduki isiyo na alama hizo ilinunuliwa kwa leseni ya kawaida. Aliyeshambulia misikiti ya Christchurch tarehe 15 Machi 2019 na kuua waumini 51 alikuwa na leseni hiyo ya kawaida. Alinunua bunduki zilizoruhusiwa, kisha akapachika magazini kubwa, ambazo wakati huo ziliuzwa bila kudai leseni. Mwezi uliofuata bunge lilipitisha sheria mpya kwa kura 119 dhidi ya 1. Safari hii hawakuuliza habari za singe. Walikataza karibu bunduki zote zinazojipakia zenyewe, wakabakiza zile za risasi ndogo za ukubwa wa .22, zisizobeba zaidi ya risasi 10, na baadhi ya shotigani zenye magazini isiyochomoka, zisizozidi risasi 5. Ya mbao na ya plastiki, zote zikarudishwa, na wenyewe wakalipwa fidia.